Kilo Zinazoitwa Unyaufu

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mazao hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada huku mkulima akibaki na stakabadhi, uingie kwenye korosho mwaka 2007, mkulima wa Tandahimba au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, hakutani na mnunuzi. Anakutana na mizani ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na karani anayeandika. Kilo zilizoandikwa ndizo fedha zake.

Sasa mfikirie karani mgeni. Siku ya kwanza anaandika alichosoma. Siku ya tatu mwenzake anamnong'oneza: kata kidogo, ni unyaufu, ghala kuu likikuta pungufu tutalipa sisi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, maana korosho ikikauka hupungua uzito kweli. Baada ya wiki mbili anakata kilo mbili kila gunia bila kupima unyevu. Msimu ukiisha kuna ziada, na ziada ina wagawaji wake. Ukimuuliza aliamua lini kuiba, hana siku ya kukutajia.

Mwanasosholojia wa Marekani, Donald Cressey, alihoji wafungwa waliokula fedha walizokabidhiwa. Mwaka 1953 alieleza mambo matatu aliyoyakuta: shida ambayo mtu hawezi kumwambia yeyote, nafasi ya kuiba, na maneno ya kujihalalishia. Ofisi huchangia zaidi hilo la tatu. Karani wetu hakulitunga neno unyaufu. Alilikuta mezani, limeshazoeleka.

Wapo wanaokataa hoja hii, kwamba mazoea ya ofisi ndiyo humfundisha mtu kuiba, na nawaheshimu. Wanasema mizani ni moja, makarani wawili, mmoja anakata na mwingine hakati; mazoea hayashiki kalamu. Mfano mmoja una pande zote mbili: benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitangazwa mwaka 2016 kuwa imefukuza wafanyakazi wapatao 5,300 kwa kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, ili kufikia malengo ya mauzo. Haiwezekani benki iliajiri waovu 5,300 kwa bahati mbaya. Lakini ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 260,000, na wengi hawamo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo nafasi ya kukataa ipo, na mahakama ina haki ya kumhukumu aliyesaini. Tukisema "ni mfumo" tu, mwizi amepata kivuli cha kukaa.

Hata hivyo, naona uzito uko upande wa mazoea, kwa sababu ya gharama anayobeba anayekataa. Sheria ya Tanzania ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015. Inaweza kumlinda karani asifukuzwe. Haiwezi kumlinda asisusiwe msibani, kijijini ambako mwenyekiti wa chama ni mjomba wake na meneja ni jirani. Na wanaoumia hawabaki kimya siku zote: Aprili 2013 huko Liwale, hasira juu ya malipo ya korosho ziliishia kwa nyumba za viongozi kuchomwa moto. Moto ule haukubagua aliyekula na asiyekula.

Kipimo cha unyevu kikae mezani, mkulima akione, na punguzo liandikwe kwenye mstari wake kwenye stakabadhi. Lakini kinachofundisha zaidi ni swali la meneja jioni magunia yakishafungwa. Akiuliza "zimebaki ngapi?", kila karani ameelewa kazi yake. Akiuliza "hizi zilizobaki ni za nani?", wameelewa pia.