Alamu bila mnyororo haitoshi

Kuna makala inayowahimiza wanabodaboda wa Malindi wafunge alamu za kuzuia wizi kwenye pikipiki zao. Naunga mkono, ila waambiwe pia isichoweza. Alamu humtimua mwizi anayechezea swichi kwa ufunguo bandia. Wawili wakiinyanyua pikipiki na kuitia kwenye pikapu, italia mpaka wakate waya wake wa umeme, na waya huo mafundi wengi huuacha ukining'inia chini ya kiti, mkono unaufikia.

Kinachoharibu zaidi ni kile kifaa cha alamu kinachohisi mtikisiko. Kikiachwa kikali mno, upepo wa kusi au lori likipita barabara ya Lamu linatosha kuiliza. Ikilia mara tano usiku, jirani hatoki tena! Fundi akipunguze hadi kugusa kiti kusiilize, lakini kuisukuma hatua moja kuilize.

Halafu betri. Alamu inayokula umeme wa miliampia 20 humaliza betri ya 5Ah (ampia-saa 5, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) kwa siku 10 hivi pikipiki ikiwa imelala. Na hapa pwani chumvi haina huruma: waya zilizosokotwa na kuzungushiwa selotepu huota kutu ya kijani, alamu ikanyamaza bila mwenyewe kujua. Zilehemiwe, zipakwe grisi, fyuzi ikae karibu na betri.

Mwenye hela kidogo aanze na mnyororo mnene, upite gurudumu la nyuma hadi kwenye nguzo iliyochimbiwa. Kufuli la diski, linalofungwa kwenye sahani ya breki, halina kazi kwa pikipiki ya breki za ngoma, na bodaboda nyingi ni hizo. Kisha swichi ya siri ya kukata moto wa plagi. Alamu ifuate baada ya hapo.