Hashtegi ya mchango: mbiu au daftari?

Kila inapoanzishwa kampeni ya kuchangia matibabu ya mgonjwa au familia zilizofurikiwa na maji, vijana wa Mombasa hukimbilia kutunga hashtegi, na wazee wao hukimbilia kuibeza. Wazee husema kwamba kubandika alama ya reli chini ya picha si kutoa, na kwamba aliyekwisha kubonyeza hujiona ametimiza wajibu bila kugusa mfuko wake. Wana hoja nyingine nzito zaidi, ambayo hapa pwani haipuuziki, nayo ni sitara. Aya ya 271 ya Suratul Baqara katika Kurani inasema kuwa kudhihirisha sadaka ni vizuri, na kuificha na kuwapa mafukara ni bora zaidi. Lakini mgonjwa aliyechangiwa kwa picha yake mtandaoni huendelea kuonekana amelala kitandani hata akishapona na kuanza kutafuta kazi au mchumba.

Sizidharau hoja hizi. Mwaka 2014 ulimwengu mzima ulisambaza #BringBackOurGirls kwa ajili ya wasichana 276 waliotekwa Chibok, Nigeria, na watu mashuhuri wakapigwa picha wameshika karatasi zenye maneno hayo. Hata hivyo, wasichana 82 walioachiliwa Mei 2017 walirudi kwa mazungumzo na watekaji, na miaka kumi baada ya tukio makumi ya wenzao walikuwa bado hawajarudi. Anayesema kwamba kelele si msaada ana ushahidi mkononi.

Ila ushahidi wenyewe unahusu hashtegi iliyotumiwa kama mbiu peke yake. Kuna takwimu moja ambayo kila nikiirudia huniambia jambo tofauti na wanaloambiwa wengine. Katika kampeni ya #IceBucketChallenge, ya kujimwagia ndoo ya maji ya barafu, mwaka huohuo wa 2014, chama cha Marekani kinachopambana na ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, kilipokea zaidi ya dola milioni 100 ndani ya mwezi mmoja, ilhali katika kipindi kama hicho mwaka uliotangulia kilikuwa kimepata milioni 2.8. Hadi kampeni inatulia, jumla ilikuwa milioni 115. Wengi hunukuu hesabu hiyo kuthibitisha kuwa kelele hulipa. Mbona basi, ngoma ileile ilipopigwa tena mwaka uliofuata, fedha hazikukaribia hata kidogo? Mimi navutiwa zaidi na kilichotokea mwaka 2016, watafiti walipotangaza kuwa wamebaini uhusiano wa jeni iitwayo NEK1 na ugonjwa huo, katika utafiti uliosaidiwa na sehemu ya fedha zile. Habari ilisambaa kwa jina lilelile la ndoo ya barafu, na waliojimwagia maji wakajua dola zao zilipofika. Mbiu ilikuwa imekwisha zamani, lakini jina lilikuwa bado linafanya kazi ya daftari, na kazi hii ndiyo ambayo wazee wetu hawajaonyeshwa.

Niliiona kwa karibu jioni moja kwenye baraza la Majengo. Mzee mmoja aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kujibiwa, shilingi zake 200 za mtoto mgonjwa wa moyo ziliishia wapi. Kijana aliyekuwa akimenya machungwa kando yake alifuta vidole kwenye kikoi, akaandika hashtegi ya kampeni ile kwenye simu, akamsogezea: jumla ya makusanyo ya kila Ijumaa, risiti ya hospitali iliyofichwa jina la mtoto, na salio. Mzee alisoma kimya, akateremsha kwa kidole hadi chini kabisa, akauliza kwa nini wiki ya tatu haikuandikwa. Lilikuwa swali zuri, na bila hashtegi asingekuwa na pa kuliulizia.

Ili hilo liwezekane, jina sharti liwe moja na liwe finyu. #Msaada na #SaidiaMtoto yamekwisha kujaa mambo ya watu wengine, na risiti ikitumbukia humo haionekani tena. Neno lilelile la hashtegi likitumika kama namba ya akaunti kwenye paybill, yaani namba ya kulipia kwa M-Pesa, pale mfumo unapokubali herufi, statimenti na mtandao vitasemezana, na mweka hazina hatahitaji kukisia nani alichangia kitu gani. Hapa Kenya tulikwisha kuonja nguvu ya jina moja tangu 2011, pale Kenyans for Kenya, kampeni ya kuchangia waliokumbwa na ukame, ilipovuka lengo lake la shilingi milioni 500 kabla ya mwezi kwisha.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Ritifaa, ile alama ya (') katika ng', hukata hashtegi, kwa hiyo anayeandika #Ng'ombeWaGanze wakati wa ukame huishia na #Ng, na mifugo yote hubaki nje. Kila neno likianza kwa herufi kubwa, programu zinazowasomea wasioona hulitamka vizuri, na hata sisi wenye macho hatuhangaiki kutafuta neno linapoishia. Halafu kuna anayechapisha risiti kupitia akaunti iliyofungwa, akashangaa kwamba hakuna anayeziona kwenye utafutaji.

Kuhusu sitara, nadhani wazee wako sahihi kuhusu picha na wamekosea kuhusu hashtegi. Jina la kampeni linaweza kutaja maradhi na mtaa, lisimtaje mtu. Na aya ile waliyoikariri haikukataza kutoa hadharani, bali imesifu kutoa huko, ikasema tu kuwa siri ni bora zaidi. Mchangiaji anaweza kutuma usiku kimya kimya, huku anayekusanya akilazimika kuhesabiwa mchana.

Penye udhaifu wa kweli ni WhatsApp, ambako sehemu kubwa ya michango ya mitaa yetu hupitia. Mle ndani hashtegi haivuki kundi, na aliyeongezwa leo kwa kawaida hasomi yaliyoandikwa jana. Kamati ninazozifahamu huweka kiungo cha ukurasa wa wazi kwenye maelezo ya kundi, na humpa mtu mmoja, asiye mweka hazina, kazi ya kuandika humo kila Ijumaa, ikiwemo ile Ijumaa ambayo hakikuingia kitu.