Tabaka Jepesi Juu ya Video ya Gemu: Faida ya Mrushaji, Hasara ya Mtazamaji?

Kijana anayecheza gemu ya mpira pale Michenzani na kuirusha mubashara huona kwenye skrini yake nyasi safi na majina ya wachezaji yanayosomeka, lakini mwenziwe anayemtazama kwa simu huko Wete, kila kamera inapogeuka kuufuata mpira, huona nyasi zimekuwa vigae na majina yamefutika. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, ikiwa na fremu 60 kwa sekunde, ni zaidi ya pikseli milioni 124 kila sekunde, nazo zote zapaswa kubanwa zipite kwenye intaneti ya nyumbani.

Dawa mojawapo ni LCEVC, kiwango cha kubana video cha familia ya MPEG-5 kilichokamilishwa mwaka 2020, ambacho teknolojia yake imetokana kwa kiasi kikubwa na kampuni ya V-Nova ya London. Hakiiondoi kodeki iliyopo, yaani mbinu ya kubana na kufungua video, kama vile H.264, bali huipa picha iliyopunguzwa upana na urefu kwa nusu, yaani robo tu ya pikseli, kisha huongeza tabaka jepesi linalobeba tofauti kati ya picha hiyo ikishakuzwa na ile ya asili. Tofauti hizo hujikusanya zaidi kwenye kingo: chaki ya uwanja, herufi, namba za mabao. Hesabu zake hufanywa kwa vipande vya pikseli 2 kwa 2 au 4 kwa 4 ambavyo havingojani, ndiyo maana hata prosesa ya kawaida huzimudu. Kwa mwenye kompyuta kuukuu inayoendesha gemu na kurusha kwa wakati mmoja, nafuu hii ni kubwa, kwani AV1, kodeki mpya zaidi, ijapokuwa hubana vizuri kuliko H.264, huielemea mashine isiyo na kadi mpya ya picha.

Sifa inayonadiwa sana, kwamba simu isiyolijua tabaka hili itaonesha picha ya msingi bila kukwama, ndiyo hasa inayonitia wasiwasi. Mtazamaji huyo hupata pikseli 960 kwa 540 zilizotanuliwa, na tabaka asiloliona, likisafiri ndani ya mkondo uleule, limekwisha kula bando lake. Tena seva nyingi huibana upya video kabla ya kuisambaza, na tabaka alilotuma mrushaji huishia hapo.

Kwa hivyo naliunga mkono tabaka hili pale tu ambapo mwenye huduma ya kurushia video ameliweka kwenye seva zake na kwenye programu ya kutazamia pia, kwa sababu mzigo wa kulisoma ni mdogo hata kwa simu za bei nafuu. Pasipo hayo, mrushaji wa Unguja afadhali ashuke hadi 1280 kwa 720 na kuzibakisha fremu zake 60: pikseli zitapungua hadi chini ya nusu, na aliyeko Wete atalisoma jina la mfungaji.