Jina kwenye sanduku

Sanduku nililoenda nalo bweni lilitoka Kamukunji, soko la mafundi wa vyuma Nairobi, mikononi mwa mjomba wangu. Awali lilikuwa pipa la mafuta. Alilipasua kwa patasi, akalikunjua, akalipiga nyundo juu ya kipande cha reli mpaka uviringo wote ukatoka, kisha akapinda kingo na kugonga riveti. Nyumbani tulilipaka rangi nyeusi, na kijana mmoja wa mtaani akaniandikia kwa nyeupe jina langu, namba yangu na jina la bweni. Jina la mjomba halikuwa popote, wala hakuna aliyeliulizia.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Zürich, Uswisi. Mwaka 1993 ndugu wawili wa hapa, Markus na Daniel Freitag, walianza kushona mikoba kwa maturubai ya malori yaliyochakaa. Mshipi wa begani ulikuwa mkanda wa usalama wa gari, ukingo ukawa blada ya baiskeli. Leo duka lao ni mnara wa makontena ya meli yaliyopandishwa moja juu ya jingine. Mara ya kwanza nilipoupanda nilikuta mkoba wa zaidi ya faranga 200, yaani karibu shilingi 30,000 za Kenya. Mwenzangu wa kazini anao wake, na alinionyesha mkwaruzo ulioachwa na safari za lori kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake.

Nikiwasimulia watu wa Nairobi, wengi huguna kwamba Wazungu wanauziwa takataka. Mimi sikubaliani nao. Mkoba ule umeshonwa vizuri, unadumu miaka, na anayeununua anajua umetoka kwa nani. Kinachoniuma ni kwamba blada ileile ndiyo inayofunga mzigo wa mkokoteni sokoni Gikomba, Nairobi, na tairi kuukuu ndiyo soli ya viatu vya akala. Mwanafunzi aliyekuja na akala shuleni alichekwa, nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Tulifundishwa kuuona ufundi huo kama alama ya kukosa pesa. Sasa ninaishi mahali ambapo wazo lilelile linawekwa dirishani na kumulikwa taa.

Wapo wa kwetu waliovuka kizingiti hicho. Cyrus Kabiru, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, alikulia mkabala na jaa la Dandora. Utotoni alitamani miwani, baba yake akakataa, naye akaanza kujitengenezea. Miwani yake ya nyaya, vijiko na vipande vya vyuma imesafiri dunia nzima. Dickens Otieno hukata makopo ya alumini kuwa kanda nyembamba na kuzisuka kama kitambaa, na mwaka 2022 alikuwa mmoja wa wasanii wa banda la Kenya kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia. Nikiitazama kazi yake naona mikeka na viondo, naona mikono ya wanawake niliokua nao. Hakuna aliyehitaji kutoka nje kuja kumfundisha hilo.

Lakini nisieleweke vibaya. Huku watu huniambia kwa upole kwamba sisi Waafrika ni wabunifu mno, hatutupi kitu. Hapo hukasirika. Jaa la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na malori hayajaacha kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya vipimo vya damu ya watoto 328 wanaoishi jirani na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na risasi, ile sumu ya metali, kufikia au kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Anayechambua vyuma pale hajachagua mtindo wa maisha. Zürich, anayetupa ndiye anayelipa: mfuko rasmi wa taka ni ghali kwa sababu ada iko ndani ya bei yake, kwa hiyo mtu hufikiri mara mbili kabla ya kuujaza. Kwetu gharama ya kutupa hulipwa na mapafu ya mtu mwingine, na anayeokoa chuma kabla hakijafika jaani hatumwiti msanii wala mbunifu. Tunamwita mtu wa jua kali, fundi wa kibandani, basi.

Ndiyo maana ninawaomba wabunifu wanaouza viti na taa za mapipa kwenye maduka ya Karen na Westlands, mitaa ya wenye pesa Nairobi: mkiandika kikaratasi cha bei, andikeni na jina la aliyekata lile pipa. Mnamjua. Mnampigia simu oda ikichelewa. Mlipeni pia kwa kadiri ya bei mnayouzia.

Desemba iliyopita nilimpeleka binti ya dada yangu Kamukunji kuchukua sanduku lake la bweni. Nikamwomba mjomba aweke jina lake mwenyewe. Akanitazama, akauliza, "Mjomba, nani atalisoma?" Nikamwambia mimi nitalisoma. Akalifungua sanduku, akachukua msumari na nyundo, akaanza kugonga upande wa ndani wa kifuniko, nukta kwa nukta, herufi kwa herufi, huku mafundi wa vibanda vya jirani wakisogea kutazama. Alipomaliza aliuliza kama aandike na mwaka.