Ng'ombe Aliyepaka Watu Rangi Nyekundu

Mangi mmoja mwenye bucha karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, aliniita nimhamishie daftari la madeni kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe kikongwe, nikaiwekea mfumo endeshi wa Linux, na Vim, programu nyepesi ya kuandikia aliyoitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Ilipofunguka, katikati ya skrini pakatokea ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Mangi akaniangalia. "Fundi, haijafanya kazi hata moja, imeshaanza kuomba mchango?"

Majina aliyaingiza kijana wake wa dukani. Faili akaliita madeni.sh, maana hesabu zote ni za shilingi. Kwa akili ya kawaida yuko sahihi kabisa.

Siku chache zikapita, Mangi akanipigia. Sijawahi kusikia mtu anayedai akiwa na furaha namna ile. "Mashine yako inawajua watu! Wasumbufu wote imewaandika kwa nyekundu." Na alikuwa ameshawapigia simu. Mwenyekiti wa mtaa, mwekundu. Mama lishe anayelipa kila Ijumaa bila kukumbushwa, mwekundu. Mzee wa kanisa naye mwekundu, na tayari alikuwa dukani anataka kujua nani kamsema.

Nikafika mbio. Mstari wa tatu ulisema: Baba Neema, ng'ombe kilo 2. Mpaka kwenye "ng" maandishi meusi. Kuanzia kile kialama cha ('), "ombe", kilo zake na majina yaliyofuata, yote mekundu, hadi kwa mteja mwingine wa ng'ombe, ambapo weusi ulirudi. Wa mbuzi na kuku walikuwa wahanga tu, wamekaa kati ya ng'ombe na ng'ombe.

Nikaandika :set filetype? kuiuliza hili ni faili la aina gani, na Vim ikajibu filetype=sh. Basi. Vim huangalia mwisho wa jina la faili, na .sh kwake ni skripti ya sheli, yaani orodha ya amri za kompyuta. Kwenye sheli kialama kile hufungua nukuu, na nukuu haifungwi mpaka kije kingine; kilichomo ndani ya nukuu Vim ilikipaka nyekundu. Nikaandika :set filetype=text, kwamba ni maandishi ya kawaida, wekundu ukatoweka.

Mangi akashika kichwa. "Umefuta madeni!"

"Hayajafutika, Mangi. Hesabu ziko palepale."

"Watajuaje? Wawili wamelipa asubuhi hii kwa woga. Rudisha nyekundu yangu!"

Ikabidi nimweleze upya, polepole, habari ya kialama kufungua na kufunga. Yeye hakuelewa. Aliyeelewa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegemea kaunta, jina lake likiwa miongoni mwa yale mekundu.

"Mangi," akasema, "rudisha tu hiyo rangi. Halafu nikatie ng'ombe nusu kilo, ya mkopo. Ila uiandike juu ya jina langu, siyo chini."