Dakika kumi za kunyonyesha

Kijerumani changu cha miezi miwili ya kwanza kilikuwa Kijerumani cha kutikisa kichwa. Mchungaji akitoa sentensi ndefu, mimi nasubiri kitenzi kifike kule mwishoni wanakokificha, halafu naitikia "ja, ja, klar", kama mtu aliyeelewa mpaka nukta. Kumbe katika kila maneno kumi nilikuwa nadaka matatu, na hayo matatu ndiyo yaliyoniponza.

Nilikwenda Ujerumani kujitolea mwaka mmoja kwenye usharika wa Kilutheri, kazi yangu kusaidia kikundi cha vijana. Nikiri mapema kwamba nilikwenda na kiburi. Wamisionari wa Kijerumani, wa Leipzig, walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Mimi nilijiona ndiye niliyetumwa kurudisha deni, na riba juu.

Kule mtoto hupata kipaimara akiwa na miaka 14 hivi. Ukoo unakusanyika, unakula, bahasha zinapita, na baada ya hapo wengi huwaoni tena kanisani. Kwenye usharika wetu walikuwa wamebaki saba. Walikuja jioni mara moja kwa wiki, wakajibwaga kwenye makochi yaliyochoka ya chumba cha chini cha usharika, wakaniita kwa jina langu kavu, bila kaka wala mwalimu, kana kwamba nimesoma nao chekechea. Nilizoea.

Wawili nitawataja kwa sababu kesi yangu inawahusu. Mmoja mvulana wa miaka 16 ambaye hedifoni hazimtoki masikioni, hata kwenye Baba Yetu. Mwingine binti wa nywele za buluu. Tukikaa mduara kuomba kwa zamu, yeye akifikiwa anatikisa kichwa tu, tunamruka.

Mimi nikaona dawa yao ni pambio. Nikawafundisha moja la Kiswahili, la kuitikiana na makofi, na nikawapa amri: "Mkisikia nimeanzisha, mnaitikia. Popote. Hata kama ni ndani ya basi." Amri hiyo iwekeni akiba.

Likizo ya mwezi wa kumi tukapanda basi la usiku kwenda Taizé, kijiji kidogo kwenye vilima vya Burgundy, Ufaransa. Mwaka 1940 alifika pale Mswisi mmoja, Bruda Roger, akanunua nyumba, akawaficha humo wakimbizi wa vita, Wayahudi wakiwemo. Baadaye ikakua jumuiya ya mabruda, Waprotestanti na Wakatoliki chini ya paa moja, na vijana wa mataifa chungu nzima humiminika huko wiki baada ya wiki. Chakula unapewa na kijiko, basi, kisu na uma sahau. Chai unakunywa kwenye bakuli lisilo na mkono, unalikumbatia kwa viganja viwili kama kifaranga. Kengele zikilia, asubuhi, mchana na jioni, kila kitu kinaachwa, watu wote kanisani.

Kabla ya safari mchungaji alitupitisha kwenye utaratibu wa ibada za kule. Nyimbo, zaburi, somo, kisha "zehn Minuten Stille". Zehn Minuten nililidaka: dakika kumi. Na hilo Stille ndilo nililolijua kuliko yote! Siku niliyotua, pale uwanja wa ndege, niliona mlango una picha ya mama na mtoto mchanga, umeandikwa Stillraum. Nikatafuta kwenye simu: stillen, kunyonyesha. Ndilo neno la kwanza la Kijerumani nililojifunza bila mwalimu, na nililionea fahari kama mtu anavyoionea baiskeli yake ya kwanza.

Kwa hiyo katikati ya ibada kuna dakika kumi za kunyonyesha. Nikawaza, wenzetu wamefika mbali. Kwingine mama mwenye mtoto anayelia hutupiwa jicho mpaka atoke nje mwenyewe, hawa wamemwingiza kwenye liturujia. Nikatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Ja, ja, klar."

Jioni ya kwanza, mlangoni pa kanisa, tukamkuta kijana wa kiume wa miaka kama 17, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, ameshika kibao. Kimeandikwa kwa lugha kadhaa, na kwa Kijerumani kinasema Stille. Uso umetulia, hana hata chembe ya aibu. Nilimwonyesha dole gumba. Akashangaa kidogo, akatabasamu.

Kanisa lenyewe, la Upatanisho, lilijengwa mwaka 1962. Ndani unakaa chini kwenye zulia, au unapiga magoti na kigoda kidogo cha mbao. Mbele wametundika vitambaa vya rangi ya machungwa, vimepanda juu kama matanga ya jahazi, na chini yake mishumaa kibao. Mabruda, kanzu nyeupe, wako katikati. Nyimbo ni fupi, mistari miwili, inarudiwa na kurudiwa mpaka unaacha kuhesabu, na namba ya wimbo inawaka ukutani ili kila mtu afungue ukurasa wake. Nikaipenda ibada. Besi yangu ikapata pa kujinyoosha.

Likaja somo. Ukaja wimbo. Halafu kimya.

Nikatazama kushoto, vijana watupu. Kulia, vijana. Nyuma yangu Wapolandi watatu wamefumba macho. Mtoto mchanga hakuna hata wa dawa. Dakika ya kwanza ikapita. Mtu akakohoa mbali kule, kigoda kikalia kwi! Dakika ya pili. Nikaanza kuwahurumia wale mabruda: watu zaidi ya elfu moja wamekaa wanamngoja mama ambaye hakuja, na kwa ustaarabu wao hakuna anayethubutu kusema jamani tuendelee. Sasa mtu aliyelelewa kwenye kwaya anajua wajibu wake ibada inapopata pengo. Maiki ikifa, au mhubiri akipoteza karatasi zake, unaanzisha pambio, na baadaye watu wanakuja kukushukuru.

Nikaanzisha.

Sauti yangu siyo ndogo. Ilipanda mpaka kwenye matanga yale, ikagonga paa, ikanirudia peke yake. Sikuitikiwa. Pambio lisiloitikiwa ni sawa na mkono uliounyoosha kusalimia ukaachwa unaning'inia. Nikajua hawakusikia vizuri. Nikarudia, sasa na makofi.

Hapo ndipo ile amri niliyowapa ilipofanya kazi. Vijana wangu wote saba walikuwa wameinamisha vichwa wakitafuta zulia liwameze, lakini mvulana wa hedifoni akainua chake, akameza mate, akaitikia. Sauti ilipasuka katikati kama ya jogoo anayejifunza, lakini aliitikia. Amri ni amri. Wa pili akamfuata, kwa huruma nadhani. Nyuma yetu Mpolandi mmoja akafumbua macho, akanyakua kitabu cha nyimbo, anatazama namba ukutani, anatazama kitabu, anapekua mbele, anapekua nyuma, anamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akakata shauri apige makofi tu. Kuna Wahispania upande wa kulia ambao bila shaka walikuwa wanatafuta kisingizio tangu washuke kwenye basi. Walipopata, wakaingia na sauti ya tatu.

Nilikuwa navuta pumzi ya ubeti wa pili nikahisi shati linavutwa. Binti wa nywele za buluu. Amenitolea macho, kidole mdomoni.

"Stille!" akaninong'oneza.

Nikainama, nikamjibu kwa mnong'ono, kwa Kijerumani changu bora kuliko chote nilichowahi kusema:

"Lakini hakuna mtoto."

Sijui kama umewahi kumwona mtu akijaribu kuelewa sentensi mpaka nyusi zikakaribia kugusana. Nikageukia mbele. Bruda mmoja mzee alikuwa amegeuza kichwa ananitazama. Hakukasirika. Alitabasamu kama babu aliyemwagiwa chai na mjukuu, akageuka, akaendelea na shughuli zake na Mungu. Pambio likafa vipande vipande, Mhispania mmoja akiwa wa mwisho kunyamaza. Kimya kikarudi, na safari hii nilikisikia mpaka kwenye mifupa.

Nje, na mabakuli ya chai mikononi, ndipo nikafafanuliwa. Stille ni ukimya. Stillen ni kunyonyesha. Nikawaeleza nilivyoelewa mimi, tangu mlango wa uwanja wa ndege mpaka yule kijana wa kibao niliyemwonyesha dole gumba. Mvulana wa hedifoni alicheka mpaka chai ikamtokea puani, bakuli likamponyoka, akakaa chini kabisa kwenye nyasi zenye umande.

Binti hakucheka.

"Nilikuwa naomba," akasema. "Sijawahi. Nilikuwa nimefika katikati."

Huyo ndiye tuliyekuwa tunamruka. Nilitafuta Kijerumani cha kuomba msamaha, sikukipata cha kutosha, nikatikisa kichwa. Naye akafikiri kidogo, akanywa chai yake.

"Si neno. Nitamalizia kesho."

Kesho yake alikaa mbele kabisa, koti amelitandika chini, na watu walipotoka yeye alibaki. Keshokutwa hivyo hivyo. Sikumuuliza lolote, na kwa mtu wa mdomo kama wangu hiyo ilikuwa kazi kuliko kuosha masufuria ya watu elfu.

Maana pale kila mtu hupewa kazi. Yangu ilikuwa kuosha vyombo, lakini asubuhi moja msimamizi alikuja kuuliza nani atajitolea kushika kibao cha ukimya mlangoni. Vijana wangu saba walinyoosha mikono wote kwa pamoja. Wakaielekeza kwangu.

Kwa hiyo Ijumaa usiku, siku wanayolaza msalaba chini na watu kwenda kwa magoti kuuwekea paji la uso, mlinzi wa ukimya nilikuwa mimi. Baridi inauma, kibao kifuani, uso nimeukaza kama askari wa lango la ikulu. Saba wangu wakaja. Wa kwanza akanionyesha dole gumba. Wa pili pia. Wa mwisho alikuwa mvulana wa hedifoni. Akasimama mbele yangu, akakisoma kibao kana kwamba hakijui, kisha akavua hedifoni, akanivalisha shingoni, akaingia ndani bila kugeuka.

Muziki ulikuwa bado unapiga. Ngoma, gitaa, mtu anafoka kama ameibiwa. Watu wanapita mbele yangu wamenyamaza, wanasoma Stille, wanatazama shingo yangu. Nikabonyeza kitufe cha kwanza, sauti ikaongezeka. Nikabonyeza cha pili, ukaanza wimbo mwingine, mbaya kuliko ule. Nikazivua, nikaziweka kwenye ngazi, nikazikalia, na kibao nikakiinua juu kidogo.