Mtani hachekeshi peke yake, turekodini mabaraza

Ukimwambia mtu wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwamba kuna watu duniani kazi yao ni kuchunguza kwanini binadamu anacheka, na wanalipwa mshahara wa chuo kikuu kwa kazi hiyo hiyo, atakuuliza swali moja tu, sasa wao wanamtania nani? Mimi naona hilo ndo swali lenyewe, na ndo limenifanya niandike haya, manake nimesoma sana hizi habari za isimu ya ucheshi na kila nikisoma najikuta naitafuta Tanga humo ndani siioni.

Nianze na wanachosema wao. Mwaka 1985 Victor Raskin alitoa kitabu kuhusu semantiki ya ucheshi, yani maana inavyojengwa kwenye kichekesho, akasema kichekesho kinabeba stori mbili kwa mpigo, na hizo stori mbili zinagongana, wewe unasikiliza ukijua uko kwenye ya kwanza mpaka kinakuja kitu mwishoni kinakutupa kwenye ya pili. Mfano wake maarufu ni wa mgonjwa aliyekaukiwa sauti, anabisha hodi nyumbani kwa daktari anauliza kwa kunong'ona, daktari yupo? Mke wa daktari, bado kijana tena mrembo, naye anajibu kwa kunong'ona, hayupo, ingia tu. Mpaka hapo ulikuwa kwenye stori ya ugonjwa, ghafla uko kwenye stori ya mchepuko, na kunong'ona ndo kulikokuvusha. Mwaka 1991 Raskin na Salvatore Attardo wakaipanua nadharia, wakasema kila kichekesho kina mambo 6 ya kuangalia: ule mgongano, mantiki inayouunganisha, mazingira, anayelengwa, namna ya kusimulia na lugha yenyewe. Na hapo kwenye anayelengwa wakasema panaweza hata kubaki patupu, yani kichekesho kinaweza kisimlenge mtu yeyote.

Nadharia nzuri na inasaidia sana ukiwa na kichekesho kilichoandikwa mbele yako. Ila ipeleke barazani, kwenye kahawa ya jioni Barabara za Ngamiani huko, uone. Mzee anapita na baiskeli mpya. Mwenzie aliyekaa anamwita, we hiyo baiskeli umeiba wapi? Yule bila hata kusimama anajibu, kwenu, nilikuta mlango wazi na wewe unakoroma. Baraza zima linaangua kicheko, mwenye kahawa anaweka birika chini. Sasa andika hayo maneno kwenye karatasi mpe mtu wa mbali asome, ataona mtu katuhumiwa wizi akakiri. Stori mbili zinazogongana ziko wapi hapo? Unaweza kuzilazimisha, ila utakuwa umeacha kilichochekesha, kwamba hawa wawili ni watani, wanajulikana ni watani, na baraza lote lilikuwa linasubiri jibu. Maneno hayo hayo akiyasema jirani ambaye hana utani na yule mzee, jioni hiyo hiyo wako kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwaiyo kwetu nani anamtania nani ndo kinaanza, lugha na mantiki na mengine yote yanafuata nyuma, halafu wenzetu wamekiweka mahali panapoweza kubaki patupu!

Wapo waliokaribia zaidi, na hawa nawapenda kwelikweli, wale wanaorekodi mazungumzo ya watu wa kawaida halafu wanayaandika neno kwa neno, na pumzi na vicheko na kukatizana. Harvey Sacks mwaka 1974 alionyesha kwamba hata kichekesho cha kusimulia kina zamu zake, mtu anaomba kwanza nafasi, anasimulia, halafu wasikilizaji wanawajibika kuitikia, na ukimya pale mwishoni nao ni jibu, jibu baya. Gail Jefferson akaingia kwenye kicheko chenyewe, mwaka 1979 akaeleza jinsi msemaji anavyochomeka kicheko kidogo mwisho wa maneno yake kumkaribisha mwenzie acheke, na mwenzie anaweza kuingia au akakataa mwaliko kwa kuendelea na habari kama kawaida. Robert Provine naye alifanya kitu rahisi sana, yeye na wasaidizi wake walizunguka sehemu za watu wengi wakisikiliza nani anacheka baada ya nini, wakakusanya matukio 1,200, ikaonekana msemaji anacheka kuliko msikilizaji, asilimia 46 zaidi, na maneno mengi yaliyotangulia kicheko hayakuwa hata na dalili ya kichekesho, ni vitu kama haya tutaonana. Mtu yeyote aliyekaa na wanawake wa Chumbageni wanasukana nywele atakwambia hilo bila utafiti, lakini nashukuru kuna mtu alihesabu.

Sasa hapa ndo nataka watu wa Tanga wanisikilize vizuri. Utani uliandikwa zamani, na mmoja wa walioandika mapema alikuwa mkoani kwetu, milimani Amani. Anaitwa R. E. Moreau, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, ndege ndo walikuwa mapenzi yake (kuna kandege ka Usambara Mashariki kanaitwa kwa jina lake mpaka leo, Artisornis moreaui), na mtu huyo wa ndege mwaka 1941 akachapisha makala kuhusu utani Tanganyika, na mwaka 1944 akachapisha nyingine. Mwaka mmoja kabla ya ile ya kwanza, 1940, mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameshaandika kwamba kuna mahusiano ambayo mtu anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumtania au kumdhihaki mwenzie, na mwenzie anatakiwa asikasirike. Kwaiyo ramani tunayo, tunajua kabila gani lina utani na lipi, Wazaramo na Wanyamwezi na kuendelea, tunajua mabinamu ni watani, bibi na mjukuu ni watani, shemeji vilevile. Ila maneno yenyewe hatunayo! Hamna mahali nitakapokwenda nikasikiliza watani wawili wa miaka ya 40 wakirushiana, nani alianza, alicheka wapi, yule mwingine alichukua muda gani kujibu. Tumebaki na orodha ya nani anamtania nani.

Na kilichopotea sio kidogo. Jefferson ana kazi nyingine ya mwaka 1984 kuhusu watu wanaosimulia shida zao. Kwenye rekodi zake za Waingereza na Wamarekani aliona mtu anayesimulia shida anacheka, anaonyesha kwamba anaimudu, ila anayemsikiliza hacheki, anaichukua shida kwa uzito wake. Nikasoma hiyo nikakumbuka msiba mmoja huko vijijini Muheza. Mtoto wa mjomba wa marehemu, mtani wake kabisa, katokea ndani kavaa koti la marehemu, anatembea na ule mwendo wake wa kuburuza mguu, anapita turubai zima anawadai watu hela, we nilikukopesha, we ulikula mbuzi wangu, mpaka akafika kwa dada mkubwa wa marehemu akamwambia mbona mnalia kwani nani kafa? Dada akacheka. Akalia, akacheka tena, akasema muondoeni huyu, na hakuna aliyemuondoa, manake wote tulijua ameshafanya kazi yake, na ndo huyo huyo mtani alikuwa kaburini tangu asubuhi na jembe. Sasa pale aliyefiwa hakuwa anasimulia chochote, aliyechekesha sio mwenye shida, na mwenye shida ndo aliyecheka. Mpangilio wa Jefferson umegeuka juu chini. Hiyo sio kwamba Jefferson kakosea, yeye alieleza alichorekodi, tatizo ni kwamba hakuna aliyeleta rekodi ya Muheza mezani, na sie wenyewe ndo tulitakiwa tuilete.

Kwenye vyombo vya habari utani umeingia siku nyingi na wala hatushtuki. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 hakuna mtangazaji anayewataja bila kusema watani wa jadi, na wanaposema hivo wanatoa ruhusa kabisa, wiki ile ya mechi unaweza kumwambia bosi wako maneno ambayo wiki nyingine ungefukuzwa kazi. Hapa Tanga tuna yetu ya Coastal na African Sports, ndogo lakini kali, kuna nyumba baba Coastal mtoto Sports na chakula cha jioni hakiliki kwa kelele.

Halafu angalia mchekeshaji marehemu King Majuto, mtu wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018. Watu wanasema alikuwa anachekesha kwa sura, mi sikubaliani. Mtazame akiwa na marehemu Sharo Milionea, kijana wa Muheza, aliyefariki kwa ajali Novemba 2012. Mmoja mzee mwenye usemi wa pwani, mmoja sharobaro wa kubana pua na kujishaua, na utamu wote uko kwenye zamu, kijana anatamba, mzee ananyamaza kidogo, anamtazama, halafu ndo anajibu. Ni babu na mjukuu wale! Kila nyumba ya Kitanzania inaujua utani wa babu na mjukuu kwaiyo tulikuwa tunacheka tukijua ruhusa ipo. Ukikata klipu ukambakisha mmoja, hamna kitu, na mtu anayetaka kufundisha ucheshi wa Kiswahili angeanza kwa kupima ukimya wa Majuto kabla ya jibu.

Kinachonisikitisha ni kinachotokea kwenye simu. Klipu ya mtani msibani inarekodiwa na kijana, inatoka kwenye grupu la ukoo inaingia kwenye grupu la mtaa, inaishia kwa mtu wa mbali ambaye haoni uhusiano, anaona mtu anakejeli maiti, na komenti zinakuja za laana. Sio kwamba watu wa siku hizi hawana ucheshi, hapana, nakataa hiyo. Ni kwamba picha imesafiri na uhusiano umebaki Muheza. Na video nyingi za vichekesho sasa zinawekewa kicheko cha kubandika, mtindo uliotoka kwenye televisheni za Marekani miaka ya 50, Charley Douglass na mashine yake, ambapo zamu ya msikilizaji imeshajazwa kabla hajafika. Kwenye baraza letu hiyo zamu ni yako, unaweza kuinyima, na kwa kuinyima ukamwambia mtu kwamba leo umevuka.

Hazina ya maandishi ya Kiswahili inayotumiwa sana na watafiti, ile ya Helsinki huko Finland, ina maneno kama milioni 25, magazeti, Hansadi za Bunge, vitabu. Kazi kubwa na naiheshimu. Ila kahawa ya Ngamiani haimo. Wanafunzi wa isimu wa TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wa vyuo vingine, kila mwaka wanaandika tasnifu, na zile za ucheshi ninazokutana nazo nyingi zinachambua katuni na vichekesho vya luninga kwa sababu ndo vinavyopatikana. Mi naomba wachache waje huku na rekoda. Wakae, wanywe kahawa, warudi tena mpaka wazoeleke, wawarekodi watani wakiwa watani, waandike kila kicheko kimeanzia kwenye silabi gani na nani alikataa kucheka. Wazee wanaojua utani wa kabila kwa kabila na sababu zake wapo, ila wanapungua, na vijana wengi wa mjini wanabaki na ule wa mpira tu.

Kuhusu ruhusa, manake najua mtaniuliza, baraza hawatakataa mkiwaomba, watawatania kwanza ndo wakubali, na hiyo nayo mrekodi. Msibani ni tofauti. Pale muombeni mkubwa wa familia kabla ya kuwasha chochote, sio mtani, na sauti zisitoke kwenda mtandaoni, zikae chuoni kwa wanaozisoma, na familia wapewe nakala yao.